Daktari wa Karema na somo la kemia

Simu iliita saa nne usiku. Nilikuwa gesti, Tabora mjini, jirani na stesheni ya reli, nimechoka. Nilikuja kwa kazi nyingine kabisa, habari ya wafugaji nyuki ambayo mhariri wangu aliitaka kabla ya Ijumaa. Aliyepiga ni mdogo wangu wa mwisho, binti, yuko mwaka wa kwanza wa famasia katika chuo ambacho sitakitaja.

"Kaka, matokeo yametoka. Nina sapu mbili."

Zipi? Kemia ya organiki na fizikia. Kwa msomaji ambaye hajapita huko, sapu ni mtihani wa marudio. Ukianguka tena kuna neno baya zaidi, disko, yaani chuo kinakuaga. Alilia kidogo, akaniomba nisimwambie mama, halafu akauliza: "Hivi kaka, mtu atakayekaa nyuma ya kaunta anahesabu vidonge, fizikia ya nini? Si wanifundishe dawa tu?"

Mimi nilikimbia PCB kidato cha tano, nikahamia HGL, nikaishia kwenye uandishi wa habari. Nikamjibu kama mkimbizi anavyojibu. Nilimwambia hayo ni masomo ya kumsumbua tu: kariri, pasi, sahau, dawa utazikuta mbele. Akacheka, akakata simu akiwa ametulia. Nikalala nikijiona kaka mwenye hekima.

Kesho yake nilikuwa na nusu siku tupu, nikachukua bodaboda kwenda Kwihara. Kwa mgeni wa Tabora (vijana wanaiita Toronto, na wanaisema kwa uso mkavu kabisa) Kwihara ni lazima. Ni kilomita chache tu nje ya mji, unapita kwenye miembe mikubwa ambayo wenyeji watakuambia imeota kwenye nyayo za misafara. Pale kuna tembe, nyumba ya udongo yenye paa tambarare na mlango wa kuchonga wa kipwani, ambako David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Mzee akabaki akisubiri wapagazi na mizigo hadi Agosti, ndipo akaelekea kusini, safari ambayo hakurudi nayo akiwa hai.

Shuleni tulifundishwa kwamba Livingstone alikuwa mmisionari na mpelelezi. Udaktari wake ulitajwa kwa kupita. Lakini alisoma tiba Glasgow, akapata leseni mwaka 1840, na dawa ya homa aliyoitunga ilikuja kuuzwa na kampuni ya Burroughs Wellcome. Vilikuwa vidonge vya kwinini, kalomeli, rubabu na utomvu wa jalapu, ambavyo leo mfamasia akiviona atashika kichwa, maana kalomeli ni chumvi ya zebaki. Kwinini ndiyo iliyofanya kazi. Hayo mengine yalikuwa ya kukuendesha chooni.

Januari 1867, mbali kusini mwa hapa, wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Miaka iliyofuata ni habari ya mtu anayejua kabisa anaumwa nini na anatakiwa kunywa nini, na hana. Nilisimama kwenye ile tembe nikiwaza kuhusu lile sanduku. Barabara hii ilibeba pembe, watumwa, shanga, kaniki, bunduki na chumvi. Sayansi ya chuo kikuu nayo ilipita hapa, na mara nyingi ilipita kama mzigo, kitu cha kubebwa kichwani na mtu mwingine, ambacho kikianguka mtoni au mbebaji akitoroka, basi, imekwisha.

Lakini haikupita hivyo kila mara. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliamua kumrudisha pwani. Mwili uliofia porini, na bahari iko mwendo wa miezi. Kazi ya kuupasua alipewa Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari huko Unguja na alikuwa ameona jinsi maiti inavyochunguzwa. Akatoa viungo vya ndani, ambavyo vilizikwa palepale chini ya mti, wakatia chumvi, wakaanika mwili juani wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaupaka lami. Oktoba 1873 waliingia nao hapa Unyanyembe. Waliwakuta Waingereza wa msafara wa Cameron, mmoja wao daktari wa jeshi la majini, na Cameron akawashauri wauzike hapa hapa. Wakakataa, wakaendelea. Mwili ulifika London ukiwa bado unatambulika, na bingwa wa upasuaji Sir William Fergusson aliuhakikisha kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliowahi kuvunjwa na simba.

Farijala hana sanamu popote ninapopafahamu. Alichokuwa nacho alikipata kwa kusimama pembeni akiwa ameshika beseni, na kikatosha. Nilipokuwa natoka Kwihara hilo lilinifurahisha, kwa sababu liliunga mkono ushauri wangu wa usiku: umeona, mtu anajifunza kwa kuona kazi, organiki ya nini? Kwa hiyo nilirudi mjini nikiwa na hoja mkononi. Iliyoninyang'anya hoja hiyo ni habari ya mtu mwingine, na ni yeye hasa ninayetaka kumzungumzia.

Anaitwa Adrian Atiman. Ukiwa Sumbawanga utaliona jina lake kwenye hospitali. Ukiwa Dar es Salaam utalisikia Atiman House, nyumba ya kanisa pale katikati ya jiji. Nimelipita jina hilo miaka mingi nikidhani ni la mzungu fulani, au askofu. Alikuwa Mwafrika, mtumwa wa zamani, na daktari. Alisimulia maisha yake mwenyewe akiwa mzee, na simulizi hiyo ikachapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa wapenzi wa tawasifu, hiyo ni moja ya tawasifu za mapema za nchi hii, na sisi tunaojidai wasomaji tunaikalia kimya.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 kandokando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na misafara hadi Algeria, ambako Mapadre Weupe, shirika la Charles Lavigerie, walimnunua na kumwacha huru. Mwaka 1881 Lavigerie alifungua nyumba ya wanafunzi kisiwani Malta. Wazo lake lilikuwa kuchukua vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wasome tiba katika Chuo Kikuu cha Malta, kisha warudi Afrika wakiwa madaktari na makatekista kwa pamoja. Kwa nini wasitumwe tu wazungu? Kwa sababu wazungu walikuwa wanakufa. Njia ya maziwa makuu ilikuwa inawala mapadre kwa homa, na Lavigerie alikuwa na hesabu zake. Sitaki kumpamba. Ni mtu aliyepanga maisha ya vijana ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Lakini tazama alichowapa.

Chuo cha Malta wakati ule kilifundisha kwa Kiitaliano. Mtoto wa mto Niger, aliyepitia Kiarabu cha Algeria na Kifaransa cha mapadre, akakaa darasani kusikiliza tiba kwa lugha nyingine tena. Na kozi ya tiba ya karne ya 19, Ulaya nzima, haikuanza na mgonjwa. Ilianza na fizikia, kemia na botania. Unaanza na uzito wa vitu, mwanga, joto, asidi na besi, maua na mbegu, ndipo unafika kwenye anatomia, ndipo siku moja unaruhusiwa kukaribia kitanda. Nina hakika kuna kijana katika lile darasa aliyenong'ona kwa Kiitaliano: botania ya nini, si watufundishe dawa tu?

Miaka aliyokaa kule ni ya ajabu ukiitazama kwa jicho la leo. Mwaka mmoja kabla hajaondoka Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alikuwa ameona kwa hadubini, hukohuko Algeria, kijidudu cha malaria ndani ya damu ya askari. Madaktari wengi hawakumwamini. Vitabu viliendelea kusema homa inatokana na hewa mbaya ya mabwawa. Na mwaka 1887, Atiman akiwa Malta bado anasoma, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipata kisiwani humo kimelea cha homa ya Malta. Ilichukua hadi 1905 ndipo Themistocles Zammit, Mmalta aliyesomea udaktari katika chuo hichohicho miaka hiyohiyo, alipoonyesha kwamba kimelea kile kiko kwa mbuzi na maziwa yao. Bruce huyohuyo baadaye angekuja Uganda, mwaka 1903, kutafuta chanzo cha malale na kukionyesha kidole ndorobo.

Kwa maneno mengine, Atiman alifundishwa tiba katika miaka ambayo karibu kila kitu kilichokuwa kwenye vitabu vya tiba kilikuwa njiani kufa.

Mwaka 1888 alimaliza, akapelekwa Afrika Mashariki. Ni mwaka uleule ambao pwani yetu ilianza kuwaka kwa vita vya Abushiri. Alipanda bara na msafara, kwa miguu. Njia ya mapadre hao kwenda ziwa Tanganyika ilikuwa ileile ya wafanyabiashara: Mpwapwa, Ugogo na maji yake ya kununua, kisha Unyanyembe, ambako walikuwa na kituo Kipalapala tangu 1881. Mtu aliyevushwa Sahara kama bidhaa alikuwa sasa anatembea kwenye barabara nyingine ya watumwa, upande mwingine wa bara, akiwa na cheo na mkoba wa vyombo. Hali haikuwa shwari. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuwataka wageni hao, na mwaka 1889 mapadre walikiacha kituo cha Kipalapala. Isike mwenyewe alipambana na Wajerumani hadi Januari 1893, ngome yake ilipozidiwa, akajilipua na baruti yake kuliko kushikwa. (Kipalapala ilirudi baadaye, ikawa na seminari, na mtambo wa uchapaji wa T.M.P. uliotoa vitabu vingi vya Kiswahili. Wakusanyaji wa vitabu vya kale wanalijua lile jina la Tabora kwenye ukurasa wa ndani.)

Atiman alifika Karema mwaka 1889. Karema iko ufukweni mwa ziwa, leo ni mkoa wa Katavi. Ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawakabidhi mapadre mwaka 1885, na palikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Baadhi ya wenzake wa Malta walipelekwa ng'ambo ya pili ya ziwa. Yeye alibaki hapo. Alioa hapo, mtoto wake mmoja akawa padre, na alitibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956.

Fanya hesabu. Miaka 67, kituo kimoja.

Hapa ndipo ushauri wangu wa gesti ulipoanza kuniwasha. Hebu fikiria duka la dawa la huyu mtu. Alipofika, dawa zilitoka pwani vichwani mwa wapagazi kwa miezi, zikiwa zimeloa, zimevunjika au hazipo. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapo bado kuna ziwa. Halafu vita ikaja, ziwa likafungwa na meli za kivita. Baada ya vita bendera ikabadilika, lugha ya vibandiko kwenye chupa ikahama kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza, na vipimo vyake pia vikahama. Alianza kazi wakati wengi wanasema malaria ni hewa mbaya. Mwaka 1897 Ronald Ross akaonyesha India kwamba ni mbu. Malale yakalikumba ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20. Dawa za salfa zikaja miaka ya 1930. Penisilini ikaja baada ya vita kuu ya pili, akiwa mzee wa karibu miaka 80.

Kama angekuwa amekariri dawa tu, kama mdogo wangu alivyotaka na mimi nilivyobariki, mkoba wake ungekuwa umeoza kabla ya 1910. Orodha ya dawa aliyofundishwa Malta ilikufa yote, labda kwinini na afyuni ndizo zilizobaki na heshima. Kilichobaki ni yale masomo ya mwaka wa kwanza, yale ambayo hakuna mgonjwa ndani yake: kwamba kitu hiki kinayeyuka kwenye spiriti lakini hakiyeyuki kwenye maji, kwamba uzito ukipimwa vibaya dawa ni sumu, kwamba lenzi mbili zikikaa hivi utaona kile Laveran alichokiona, kwamba mmea huu na ule ni wa ukoo mmoja hata kama majina yake ya kienyeji hayafanani. Ukiwa na hayo, dawa mpya ikiletwa na mashua unaweza kusoma karatasi yake na kuielewa. Ukiwa huna, unasubiri aje mtu wa kukuelekeza, na Karema hapakuwa na mtu wa kuja.

Najua kuna watakaosema nakuza mambo, kwamba Atiman alikuwa kwanza mtu wa kanisa, na kwamba mpango wa Malta wenyewe haukudumu. Kweli, haukudumu. Nyumba ile ilifungwa kabla ya karne ya 20 kuanza, na haikutoa madaktari wengi. Kwa macho ya mhasibu ni mradi ulioshindwa. Mimi nasema mradi uliotoa mtu mmoja aliyekaa kijijini miaka 67 si wa kucheka, hasa katika nchi ambayo hadi leo kumpata mfamasia wa kukaa Karema ni kazi.

Nirudi Tabora, kwa sababu miaka ya vita ile ya kwanza inalionyesha jambo hili kwa upande wa pili, upande wa mafundi. Serikali ya Wajerumani ilihamia Tabora, meli za Waingereza zikawa zimeziba pwani, hakuna kinachoingia. Pesa ikaisha. Mwaka 1916, katika karakana ya reli, hapa hapa mjini, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Ina tembo upande mmoja na mlima nyuma yake, tai upande wa pili, na zilitoka zaidi ya 16,000. Sarafu ndogo za shaba nyeupe na nyekundu zikatengenezwa pia, shaba ikitoka kwenye maganda ya risasi. Karakana ya kukarabati injini za treni ikageuka mtambo wa kufua pesa, na wakusanyaji wa dunia leo wanagombania kazi yake kwa bei ya gari. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Na kwinini je? Nayo ilikwisha. Usambara kulikuwa na mashamba ya mkwinini, na wataalamu wa taasisi ya Amani wakatengeneza vidonge kutokana na magome yake. Mpwapwa pia, kituo cha kale cha misafara, vikatengenezwa. Maeneo hayo yalipotekwa, jeshi la Lettow-Vorbeck likabaki na magome tupu, wakayachemsha na kunywa maji yake, kinywaji kichungu kiasi kwamba askari walikibandika jina, pombe ya Lettow. Kiliokoa watu. Weka akilini kinywaji hicho, nitakirudia.

Kisha kuna Mwalimu. Kila mtu anajua kwamba Nyerere alisoma Tabora School kuanzia 1937 na kwamba alirudi Tabora kufundisha St. Mary's baada ya Makerere. Wachache wanakumbuka kwamba alifundisha biolojia. Makerere alikuwa amesoma kemia na biolojia sambamba na Kilatini na Kigiriki. Alipofika Edinburgh mwaka 1949 alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia kabla ya kuingia shahada ya sanaa. Baba wa taifa kumbe naye ni mkimbizi wa PCB, mwenzangu! Ila kuna tofauti, na si ndogo: yeye alikimbia baada ya kuyafundisha. Ukiwa umesimama ubaoni Tabora mwaka 1947 unaeleza mzunguko wa damu kwa vijana ambao baba zao walikuwa wapagazi au wajukuu wa wapagazi, lazima uwe umeelewa. Mwanafunzi wa Tabora hudanganyiki naye.

Alifundisha kwa Kiingereza, bila shaka. Sisi nasi bado tunafundisha hivyo. TUKI walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kazi nzito ya watu waliokaa kubishana jinsi ya kuita kila kitu kuanzia elektroni hadi figo, na vyuo vyetu vikaendelea kana kwamba haikuchapwa. Uhandisi ulianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, famasia Muhimbili mwaka 1974. Nusu karne sasa. Na binti aliyesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili bado anakutana na molekuli kwa lugha ambayo hata kuomba chumvi mezani haiombi kwa lugha hiyo. Nikisema hivyo wataalamu huniambia Atiman alisoma kwa Kiitaliano na akafaulu. Ni kweli. Lakini Atiman alikuwa mmoja, na alichaguliwa miongoni mwa wengi. Huwezi kujenga mtaala wa nchi juu ya mtu wa aina hiyo.

Jioni ya siku ya pili nilimpigia mdogo wangu. Sikuwa na hamu ya kukiri kosa, hivyo nilianza kwa kupinda: nikampa habari ya Farijala, ya sanduku lililopotea, ya mtu wa Karema. Akasikiliza. Nilipofika kwenye pombe ya Lettow akanikatiza.

"Walichemsha magome na maji matupu?"

Nikasema ndivyo.

"Walikuwa wanaitupa nyingi."

Kwa nini? Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepekua daftari kichwani. Halafu akaniambia kwinini ni besi, ni alkaloidi, ina naitrojeni inayopenda kushika protoni, na ikiwa peke yake maji hayaitaki. Ukiipa asidi inageuka chumvi, chumvi inayeyuka, ndiyo maana vidonge vya viwandani huwa ni salfeti. Wangetia asidi kidogo kwenye sufuria, hata maji ya ndimu, wangetoa kwinini nyingi zaidi kwenye gome lilelile. Nikamuuliza kama hilo limo kwenye sapu yake. Akasema limo, sura ya amini, na ndiyo sura aliyoiruka kwa sababu haikuwa na jina la dawa hata moja.

"Subiri," akasema, "nikuchoree." Akasahau kwamba tuko kwenye simu. Akaanza kunieleza pete ya kwinolini kwa maneno, kona moja baada ya nyingine, naitrojeni iko wapi, mimi nimekaa kitandani gesti nikichora nyuma ya karatasi ya mahojiano ya asali, nakosea, ananirudisha, hadi salio lake likaisha katikati ya kona ya tano. Nikamtumia vocha ya elfu mbili, akanipigia tena.

Sapu ni Septemba. Mama bado hajui.